Tamthilia ya upelelezi ya wakati wa vita: maana na kipimo chake

Tamthilia ya upelelezi ya wakati wa vita ni mchezo wa televisheni unaofuatilia uchunguzi wa jinai, aghalabu mauaji, miongoni mwa raia ambao nchi yao imo vitani. Watu wake wakuu ni wenye maduka, wakulima, mahakimu, wauguzi na polisi waliobaki mjini wakati vijana wamekwenda kupigana. Medani yenyewe husikika kwa mbali tu, katika king'ora, barua na taarifa za redio. Wako wanaodhani kwamba inatosha kumvalisha kachero kofia ya zamani na kupitisha ndege ya kivita juu ya mapaa ili hadithi iingie katika kundi hili. Haitoshi. Kipimo ninachokiamini mimi ni kimoja: ukiviondoa vita, kesi ibomoke. Iwapo muuaji angeweza kuua kwa sababu ileile na kujificha kwa njia ileile katika mwaka wa amani, basi hiyo ni hadithi ya kawaida ya upelelezi iliyovikwa sare.

Mfano ulio wazi kuliko mingine ninayoifahamu ni Foyle's War, tamthilia iliyobuniwa na Anthony Horowitz na kuonyeshwa na ITV ya Uingereza kuanzia mwaka 2002 hadi 2015, katika sehemu 28 ambazo kila moja ni ndefu kama filamu nzima. Inaanza mwaka 1940 katika mji wa Hastings, kwenye pwani ya kusini inayoelekeana na Ufaransa, mahali ambapo kiangazi kile hofu ya kuvamiwa na Wajerumani ilikuwa jambo la kila siku. Christopher Foyle, afisa wa ngazi ya juu wa upelelezi anayeigizwa na Michael Kitchen, ni mjane mtulivu ambaye mwanawe ni rubani wa jeshi la anga. Msaidizi wake, Paul Milner, amepoteza mguu katika mapigano ya Norway. Foyle haendeshi gari, kwa hiyo anaendeshwa na Samantha Stewart, binti wa kasisi aliyeazimwa kutoka kikosi cha wanawake cha usafiri. Ukiwatazama watatu hawa utaona kwamba hata kituo cha polisi kimeundwa upya na vita: hakuna ambaye angefanya kazi na mwenzake kama si mwaka ule.

Vita huzaa makosa ambayo jana hayakuwapo. Tarehe 8 Januari 1940 Uingereza ilianza mgao wa nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, siagi na sukari, na tangu siku hiyo mtu aliyeuza siagi nje ya utaratibu akawa mhalifu, na biashara ya magendo ikapata wateja hata miongoni mwa watu waliojihesabu kuwa waadilifu. Amri ya kuzima taa usiku, iliyokuwa imekwisha kutolewa Septemba 1939, iliwanyima marubani wa adui shabaha, lakini pia iliwapa wezi na wauaji giza la bure. Februari 1942, mwanajeshi wa anga aitwaye Gordon Cummins aliwaua wanawake wanne mjini London ndani ya siku chache, akitumia giza hilo.

Zaidi ya yote, vita huficha maiti mmoja kati ya maiti wengi. Aprili 1941 Rachel Dobkin alitoweka jijini London, na mwaka uliofuata mafundi waliokuwa wakibomoa kanisa lililopigwa bomu wakakuta mabaki ya mwanamke chini ya sakafu. Ilikuwa rahisi kumdhania kuwa mmoja wa waliouawa na mabomu. Daktari Keith Simpson alipoyachunguza mabaki hayo alikuta dalili za kunyongwa kooni, na meno yakathibitisha jina lake. Mumewe, Harry Dobkin, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda jengo la jirani lisishike moto, alihukumiwa na kunyongwa Januari 1943. Kesi hii ni ya kweli, na inaeleza dhana yetu kuliko ufafanuzi wowote, kwa kuwa muuaji alitegemea kwamba bomu la adui litabeba lawama yake.

Hata hivyo, kiini cha dhana hii kipo katika swali ambalo kila mpelelezi wa aina hii hulazimika kulijibu: maelfu wakiwa wanakufa, kifo cha mtu mmoja kina uzito gani? Foyle mwenyewe anaanza kwa kuomba ahamishiwe kazi ya vita, akakataliwa, na katika kesi yake ya kwanza anachunguza mauaji ya mwanamke Mjerumani, mke wa hakimu, katika majira ambayo Wajerumani waliokuwa wakiishi Uingereza walikuwa wakikamatwa na kuwekwa kambini, na majirani wengi wasingemlilia. Muuaji anapobanwa, anajitetea kwamba kazi yake ni muhimu mno kwa taifa. Foyle anamkamata, kwa sababu sheria inayomlinda raia mmoja ndiyo hasa inayopiganiwa.

Jibu hilo lingekuwa jepesi kama lingeshinda kila mara, na ndiyo maana naithamini zaidi sehemu inayoitwa Fifty Ships. Ni Septemba 1940, wakati Marekani ilipoipa Uingereza manowari kongwe 50 ili Marekani nayo ipate haki ya kutumia ardhi ya himaya ya Uingereza kwa ajili ya vituo vya kijeshi. Muuaji ni Mmarekani tajiri ambaye msaada wa nchi yake unahitajika mno, na safari hii Foyle anashindwa: anamwacha aondoke, huku akimwahidi kwamba vita vitakwisha siku moja. Miaka mingi ya hadithi inapita, na Hitler akiisha kushindwa, Foyle anapanda meli kwenda Marekani.

Sehemu za mwisho zinamhamishia Foyle London mwaka 1946, katika idara ya usalama ya MI5, na zinahusu zaidi ujasusi dhidi ya Wasovieti. Wapo wanaoziweka katika kundi hilihili kwa sababu mhusika ni yuleyule. Kwa kipimo nilichokitaja, baadhi zinastahili, yaani zile ambazo uhalifu wake umetokana na yaliyotendwa kabla ya mwaka 1945 na kufunikwa. Nyingine ni tamthilia za ujasusi, na nzuri, lakini ziitwe kwa jina lake.