Kaa na gamba lake: breki iliyo kwenye jicho

Mwaka 2011, msemo wa kujivua gamba ulipovuma katika siasa za nchi yetu, wengi walimfikiria nyoka. Nyoka huacha ngozi ya nje tu, ilhali kaa huacha pia utando wa matamvua na wa sehemu ya mbele ya tumbo la chakula. Hapa Dodoma, mbali na bahari, kaa tunamjua zaidi kwa mchoro wa kitabu cha Biolojia, na huenda ndiyo maana makosa kumhusu yanadumu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba gamba humbana kaa hadi likapasuka. Ukweli ni kwamba maandalizi huanza mapema: tezi mbili zinazoitwa ogani Y humwaga ndani ya damu homoni za kundi la ekdisoni, na kwa amri ya homoni hizo ngozi huachana na gamba kuukuu, sehemu ya chokaa yake hufyonzwa, kisha gamba jipya, laini na lenye mikunjo, hujengwa chini yake. Hapo ndipo kaa hunywa maji, akavimba na kutoka kinyumenyume.

Kosa la pili lina asili yake mashambani kwetu. Kwenye mabua ya mtama huning'inia maganda matupu ya panzi, naye hutumia ekdisoni ileile. Mwanafunzi hujibu basi kwamba ubongo wa kaa nao huisukuma tezi ifanye kazi, kama ilivyo kwa panzi. Kwa kaa mambo ni kinyume. Ndani ya vikonyo vya macho, yaani vijiti vinavyobeba macho, hutengenezwa homoni inayoizuia ogani Y, na uzuiaji huo ukilegea ndipo ekdisoni hupanda. Mwanazuolojia Charles Zeleny aliona mwaka 1905 kwamba kaa waliokatwa vikonyo walijivua gamba mapema; aliyesoma matokeo hayo harakaharaka angedhani jicho linazuia ukuaji kwa kuona, kumbe breki ni ya kikemikali.

Wapo pia wanaosema ekdisoni hufikia kilele kaa anapotoka. La, hufikia kilele kabla, kisha hushuka, ndipo anatoka.

Gamba tupu kando ya mto si lazima liwe mzoga. Ligeuze: likiwa na ufa nyuma, kati ya mgongo na mkia uliokunjwa, na ndani hamna nyama, mwenyewe amejificha jirani, mlaini, akisubiri gamba jipya liwe gumu.