Zentangle: wanayosema watu kuhusu michoro ya nakshi, na ukweli wake

Mtu akimwona mwenzake kajiinamia, anajaza kikaratasi kwa vitone na mistari ya wino mweusi, hakosi la kusema. Wengine husifu kipaji, wengine huuliza kama ni dawa ya mawazo, na wengine hutaka kujua ni dini gani hiyo. Karibu wote huwa wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Mtindo unaozungumzwa hapa ni Zentangle. Ulianzishwa Massachusetts, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Rick Roberts na Maria Thomas. Utaratibu wake ni mfupi: unaweka vitone vinne kwenye kona za karatasi, unaviunganisha kwa penseli kupata fremu, unapitisha ndani yake mstari unaojipinda ovyo (wenyewe wanauita uzi), kisha kila kipande kilichopatikana unakijaza nakshi moja kwa kalamu ya wino. Mwishoni unatia kivuli kwa penseli na kuweka sahihi yako.

"Mimi sijui kuchora hata kuku."

Hii ndiyo inayowafukuza wengi, na ndiyo isiyo na msingi kuliko zote. Kuku hachorwi hapa. Hakuna uso wa mtu, hakuna nyumba, hakuna kitu ambacho jirani atakitazama aseme hakifanani. Kuna nukta, mstari ulionyooka, mstari uliopinda na duara, basi. Anayeweza kuandika jina lake ana ujuzi wote unaohitajika.

Chukua nakshi inayoitwa Paradox. Chora pembetatu. Kutoka pembe ya kwanza vuta mstari ulionyooka kuelekea pembe ya pili, lakini uikose kidogo, uishie kando yake kwenye upande unaofuata. Pale ulipoishia, anzia mstari mwingine kuelekea pembe ya tatu, nao uikose vilevile. Endelea kuzunguka, kila mara ndani ya pembetatu iliyobaki, mpaka katikati pasiwe na nafasi. Hakuna mstari hata mmoja uliopinda, lakini jicho linaona mzunguko unaojikunja kama ganda la konokono. Chora pembetatu ya pili ubavuni mwake, safari hii uzungukie upande wa pili, na mtu atakuuliza umesomea wapi sanaa.

"Bila kalamu na karatasi maalumu usijisumbue."

Ni kweli waasisi wana vifaa vyao: karatasi nzito ya pamba kutoka Italia, iliyokatwa mraba wa inchi 3.5, yaani karibu sentimita 9 kila upande, na kalamu ya Sakura Pigma Micron namba 01. Wengi hudhani 01 maana yake ni milimita 0.1. Sivyo, mstari wake una unene wa takriban milimita 0.25, na 05 ni 0.45. Sifa ya kalamu hizo ni wino wake, ambao ukishakauka hauchuruziki ukiguswa na maji. Udhaifu wake ni ncha. Ukiikandamiza kama unavyokandamiza biki, inazama ndani na kalamu imekwisha.

Lakini biki ya kawaida nayo inafanya kazi. Kero yake ni kidonge cha wino kinachojikusanya kwenye ncha na kuacha doa unapoanza mstari, kwa hiyo weka karatasi chakavu pembeni uwe unaifutia. Weka nyingine chini ya kiganja usije ukapaka wino ambao haujakauka. Karatasi ya manila ukiikata miraba midogo inatosha kabisa. Ya daftari ni nyepesi mno. Kalamu yenye wino mwingi itatokeza upande wa pili. Ningeacha kununua chochote mpaka vipande kadhaa vya manila viishe.

"Ukikosea umeharibu."

Raba haitumiki, na ni kwa makusudi. Mstari ukienda kombo, unaurudia makusudi mahali pengine, au unapajaza weusi. Karatasi yenyewe haina juu wala chini.

"Hii si ile ya kuchorachora kwenye mkutano?"

Mkono ni uleule, akili ndiyo tofauti. Anayechorachora mkutanini anasikiliza jambo jingine. Anayechora nakshi hizi ameweka akili yote kwenye mstari. Watu hupenda kutaja utafiti wa Jackie Andrade wa Uingereza, uliochapishwa 2009, ambapo waliokuwa wakitia rangi maumbo huku wakisikiliza ujumbe wa simu unaochosha walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Utafiti ni wa kweli, ila unahusu kuchorachora. Kuutumia kusifia Zentangle ni kuupa kazi isiyo yake.

"Ni ibada ya Kibudha."

Rick aliwahi kuishi kama mtawa, na Maria ni fundi wa maandishi ya mapambo. Wanavyosimulia, Maria alikuwa akijaza nakshi nyuma ya herufi kubwa, akajisahau kabisa, na alipoeleza alivyojisikia Rick akamwambia kwamba hiyo ni tafakuri. Hakuna sala wala imani inayodaiwa.

"Ni mambo ya Wazungu."

Jina na utaratibu, ndiyo. Kutuliza mkono kwa nakshi zinazojirudia, hapana. Wachokwe wa mashariki mwa Angola wana sona: hupanga vitone mchangani, kisha kidole kinavizunguka kwa mstari mmoja, mara nyingi bila kuinuliwa, huku hadithi ikisimuliwa. UNESCO iliitambua kama urithi wa utamaduni mwaka 2023. Pwani yetu, msukaji wa ukili anarudia mkunjo uleule mpaka mkeka utoke, na anayepaka piko naye hana raba.

"Inatibu msongo wa mawazo."

Hapa pana ukweli uliovutwa kupita kiasi. Mwaka 2005 watafiti Curry na Kasser walionyesha kwamba wanafunzi wenye wasiwasi waliopaka rangi mandala, mchoro wa duara wenye mpangilio, walitulia zaidi ya waliopewa karatasi tupu. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake walipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi ya sanaa. Kwa robo tatu hivi, kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka, wazoefu kwa wasio wazoefu. Waliobaki haikushuka. Na wale hawakuwa wakichora Zentangle: walikuwa na udongo wa mfinyanzi, kalamu za rangi na vipande vya kubandika.

Kwa maoni yangu, kinachotuliza ni ufinyu wenyewe: karatasi ndogo, rangi moja, uamuzi mmoja mdogo kwa wakati. Jioni yenye mawazo inapata nafuu. Mtu asiyelala kwa wiki kadhaa, au aliyekata tamaa ya kuishi, anahitaji mtaalamu wa afya. Kalamu atakuja nayo baadaye.

"Lazima ulipie."

Zentangle ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na wapo walimu wenye cheti chake. Kuchora nyumbani hakuhitaji cheti wala ada. Ukitaka kufungua darasa la kulipia na kutumia jina hilo, hapo soma kwanza masharti ya wenyewe.