Nairobi hadi New York: mbona kwenda ni kurefu kuliko kurudi?

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800 hivi kwa njia ya mkato. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018; kwa kawaida kwenda huchukua takriban saa 15 na kurudi takriban 14. Wasafiri huniuliza: umbali ni uleule, saa nzima imepotelea wapi?

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege: njia, kimo, mafuta. Ukivuta uzi juu ya tufe kati ya miji hii, utapita Sudan Kusini, Chad, Aljeria na Moroko, kisha Atlantiki. Boeing 787 hukata hewa kwa takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na dakika chache.

Zilizobaki, nyingi huliwa na upepo. Juu huko, kwenye kilomita 10 hadi 12, upepo wa kaskazini mwa tropiki huvuma kutoka magharibi, na majira ya baridi mikondo yake mikali huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kasi ya 900 ni ya ndege ndani ya hewa. Hewa yenyewe ikija kinyume kwa wastani wa 60, juu ya ardhi unasonga 840 tu, na tayari ni saa 14. Wakati wa kurudi, upepo huohuo unasukuma mkia. Ndiyo maana mara nyingine tunaiacha njia ya mkato kwa makusudi: kuzunguka kidogo ili kukwepa upepo wa mbisho huokoa muda na mafuta pia. Kwangu, hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo.

Kisha kuna ardhini. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni na kuisha inapoegeshwa tena, foleni za uwanjani zikiwemo.

Na mafuta ya safari ndefu hivi yana uzito mkubwa. JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na huinua ndege kwa shida zaidi. Joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Kuruka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunairuhusu ndege kubeba mzigo zaidi.

Usikokotoe muda kwa kutoa saa za tiketi. Ratiba ya mwanzo ilionyesha kuondoka 23:25 na kufika 06:25; ukitoa, unapata saa saba. Lakini New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane majira ya baridi na saba majira ya joto. Kenya haibadilishi saa, Marekani inabadilisha.

Ukienda kumpokea shangazi JKIA, fuata muda wa kutua unaosasishwa ndege ikiwa angani. Upepo wa nyuma ukiwa mkali, atafika kabla ya ratiba.