Mtoto Akinyamaza, Je, Maumivu Yamekwisha? Maswali na Majibu kwa Wauguzi na Wazazi

Swali: Mtoto wa miaka mitatu aliyeungua kwa uji amelala kimya wodini. Je, muuguzi aandike kwamba hana maumivu?

Jibu: Asiandike hivyo kabla ya kumchunguza. Mtoto aliyeungua hutambua upesi kwamba kila akijitingisha kidonda kinachoma zaidi, kwa hiyo hutulia, hukaza mwili, hukataa kushikwa, na pengine hupitiwa na usingizi kwa uchovu wa kulia. Wengine hata hucheza, kwa kuwa mchezo huwasahaulisha kwa muda. Katika wodi za Dodoma kuna jambo jingine: mtoto aliyeletwa kutoka kijiji cha wilaya ya Chamwino au Mpwapwa huenda amezoea Kigogo kuliko Kiswahili, na mbele ya mgeni aliyevaa sare akakosa la kusema. Ndiyo maana mama au bibi anayemuuguza aulizwe mapema: “Mama, akiwa mzima huwa yukoje?”

Swali: Ni kweli kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu?

Jibu: Si kweli. Imani hiyo ilikuwa na nguvu hata katika hospitali za nchi tajiri, ambako hadi miaka ya 1980 baadhi ya watoto wachanga walipasuliwa bila dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu. Mwaka 1987 watafiti Anand na Hickey walichapisha makala iliyokusanya ushahidi kwamba mfumo wa fahamu wa mtoto mchanga unapokea maumivu na mwili wake unayaitikia.

Swali: Muuguzi atayapimaje maumivu ya mtoto asiyeweza kujieleza?

Jibu: Kipimo kiitwacho FLACC hutazama mambo matano, yaani uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na jinsi mtoto anavyobembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na jumla ya juu ni 10. Mtoto wa kuanzia miaka mitatu hivi aweza kuonyeshwa picha za nyuso achague inayofanana na anavyojisikia. Kipimo hakihitaji mashine. Kinahitaji dakika chache, na kinahitaji kurudiwa baada ya dawa, kwa sababu bila kurudia hakuna ajuaye kama dawa imesaidia.

Swali: Kwa nini wapo wauguzi wanaosita kutoa mofini, dawa kali ya maumivu, hata daktari akiwa ameiandika?

Jibu: Wanahofia uraibu na wanahofia mtoto kushindwa kupumua. Hofu ya pili ina msingi, na dawa yake ni kukokotoa dozi kwa uzito, kuhesabu pumzi na kuangalia kama mtoto anaamka akiitwa. Kumwacha na maumivu si usalama. Kuhusu uraibu, hatari ni ndogo mofini inapotumika kwa muda mfupi, kwa maumivu makali na chini ya uangalizi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa watoto, pamoja na parasetamoli na ibuprofeni.

Wanaoumizwa zaidi na hofu hii ya uraibu ni watoto wenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto anarudi hospitalini mara kwa mara kwa sababu chembe zake za damu zimeziba mishipa na mifupa inamuuma kwelikweli, kisha anapokewa kwa maneno kwamba “amezoea sindano.” Neno hilo likisemwa kwenye makabidhiano ya zamu, zamu inayofuata humtazama mtoto kwa shaka kabla hata ya kumgusa.

Swali: Mzazi afanye nini?

Jibu: Amnyonyeshe mchanga wakati wa sindano, ampakate aliye mkubwa kidogo, na asimtishe kamwe kwa sindano nyumbani. Kabla kidonda hakijasafishwa, amwulize muuguzi: “Dada, amepewa dawa ya maumivu saa ngapi?” Parasetamoli ya kunywa huhitaji kati ya nusu saa na saa moja ili ifanye kazi, na kwa kidonda kikubwa cha moto peke yake haitoshi.