Kabla Hujaloweka Mbegu za Nyasi, Zipime Kwanza

Swali ambalo wataalamu wa mbegu huulizwa mara kwa mara na watu wanaotaka kupanda nyasi za bustani ni moja: mbegu zilowekwe kwa muda gani? Mara nyingi anayeuliza bado hajasoma hata lebo ya mfuko alioushika. Kuloweka huharakisha mbegu iliyo hai. Iliyokufa haifufuki kwa maji, huoza tu mapema zaidi.

Kwa hiyo tuanze na mfuko. Lebo nzuri hutaja tarehe ya upimaji na asilimia mbili ambazo wanunuzi wengi huzipita: usafi na uotaji. Usafi ni kiasi cha mbegu halisi baada ya kuondoa makapi, vumbi na mbegu za magugu. Uotaji ni sehemu ya hizo mbegu safi iliyochipua maabara. Zidisha usafi kwa uotaji upate kile unachonunua kwa kweli. Mfuko wenye usafi wa asilimia 95 na uotaji wa asilimia 80 una mbegu hai asilimia 76 tu. Ikiwa kila mita ya mraba inahitaji gramu 30 za mbegu hai, utapima karibu gramu 40 kutoka mfuko huo. Wanaolalamika kwamba nyasi zimeota mabaka mabaka, wengi wao walikosea hapa, si kwenye umwagiliaji.

Lebo ya zamani usiiamini. Joto na unyevu huidhoofisha mbegu iliyohifadhiwa, na mfuko uliokaa ghalani chini ya bati kwa msimu mzima unaweza kuwa umepoteza sehemu kubwa ya uhai wake huku ukionekana vilevile kwa macho. Upime mwenyewe. Chota mbegu juu, katikati na chini ya mfuko, zichanganye, kisha hesabu 100 bila kuchagua zile nono. Zipange kwenye karatasi nyororo ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, mbegu isiguse mwenzake. Ikunje karatasi, itie kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, uiweke mahali penye joto la wastani. Ikunjue kila baada ya siku mbili, uinyunyizie maji ikianza kukauka, utoe na kuhesabu zile zilizotoa kimzizi cheupe pamoja na jani. Yenye mzizi bila jani, au jani bila mzizi, usiihesabu. Kuwa na subira: kwa raigrasi na feskyu ndefu, ambazo ni nyasi za maeneo ya baridi, maabara husubiri hadi siku 14, kwa ukoka 21, na kwa Poa pratensis, nyasi nyingine ya baridi inayochelewa kuota, 28. Ukitupa karatasi siku ya kumi utaihukumu bure mbegu nzima.

Kuna wanaopima kwa kuzimwaga mbegu majini na kutupa zinazoelea. Kwa maharage jambo hilo lina mantiki kidogo, kwa nyasi halina. Mbegu ya nyasi ina maganda yanayoshika hewa, hivyo nzima nayo huelea.

Sasa tuje kwenye maji. Mbegu kavu huwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi, nao uhai ndani yake unakwenda polepole mno. Ikifyonza maji huvimba, vimeng'enya huamka na kuanza kuvunja wanga kuwa sukari, na kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, huanza kupumua kwa nguvu. Kupumua huko kunahitaji hewa. Ndiyo sababu mbegu zilizosahauliwa kwenye ndoo siku kadhaa hutoa harufu ya uchachu: zimekosa hewa, na bakteria wamezivamia.

Tumia maji safi ya kawaida, yasiyo ya moto. Weka mbegu kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, usijaze zaidi ya nusu kwa sababu zitavimba, uzamishe wote. Saa 12 hadi 24 zinatosha kwa raigrasi na feskyu. Ukipitisha saa 12, badilisha maji. Kisha uning'inize mfuko kivulini uchuruzike. Mbegu za nyasi zinazochelewa kuota zinaweza kukaa na unyevu siku chache zaidi, lakini zikiwa nje ya maji, kwenye kitambaa kibichi, zikigeuzwa kila siku ili zisipate joto katikati. Simamisha kazi pale unapoona ncha nyeupe ikitokeza kwenye mbegu chache. Usingoje mizizi irefuke, maana itakatika wakati wa kumwaga. Chumvi au mbolea usitie: maji yenye chumvi nyingi huizuia mbegu kufyonza.

Zipo mbegu ambazo hazistahili kulowekwa kabisa. Zilizopakwa ganda la chokaa au udongo zimeshatengenezwa zivute unyevu zenyewe, na ukiziloweka ganda linageuka tope. Zenye rangi kali kwa kawaida zimetiwa dawa ya ukungu: kuziloweka ni kuimwaga dawa ndani ya ndoo yako. Zishike kwa glavu na usiwape mifugo zilizobaki. Mchanganyiko wa aina mbalimbali nao ni heri uupande mkavu, kwa kuwa raigrasi itakuwa imechipua wakati Poa pratensis bado imelala. Ukoka huuzwa na maganda au umekobolewa, na uliokobolewa huota mapema hata bila kulowekwa.

Mbegu iliyochuruzika bado hushikana, na ukiimwaga hivyo itaangukia mafungu. Ichanganye na mchanga mkavu mpaka iteleze vidoleni. Mchanga unasaidia hasa kwa ukoka, ambao kilo moja iliyokobolewa ina mbegu zaidi ya milioni 3, wakati feskyu ndefu ina kama laki 5. Gawa mchanganyiko mara mbili, nusu umwage ukielekea upande mmoja wa kiwanja na nusu ukikatiza. Reki ipite juu juu tu. Mbegu isizikwe zaidi ya sentimita moja, na zile ndogo zaidi zinahitaji chini ya hapo.

Yote haya yanadai kiwanja kiwe tayari kabla mbegu haijagusa maji: kimesawazishwa, kimekandamizwa kidogo, kina unyevu, na udongo una joto linalofaa. Raigrasi na feskyu huridhika na udongo wa nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi, ukoka unataka 18 kwenda juu. Mvua kubwa ikikukatiza na mbegu tayari zimelowa, zitandaze tabaka jembamba kivulini, penye upepo na ubaridi. Ambazo hazijatoa ncha nyeupe huvumilia kukauka na kungoja kidogo, ingawa baadhi zitapungua nguvu. Zilizokwisha kuitoa zikikauka zimekufa, kwa hiyo hizo zimwage mara mvua inapopungua, kisha uzinyunyizie maji kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku hadi kiwanja kianze kuonyesha kijani.