Mteja wako anaijua hesabu, mnasihi

Juzi tena. Zoezi la kuigiza: mnasihi mwanafunzi upande huu, mwenzake upande ule anaigiza dereva wa bodaboda anayebeti. Dakika tatu hazijaisha, mnasihi kachomoa simu na kufungua kikokotoo. "Elfu tano kwa siku, kwa mwezi laki moja na nusu. Kwa mwaka milioni moja na laki nane. Kaka, huoni ungekuwa unakaribia pikipiki yako mwenyewe?"

Nikasimamisha zoezi. Kila kundi ninalofundisha nalisimamisha hapohapo, na nimechoka. Mteja wetu hana upungufu wa hesabu! Mkeka wa mechi kumi, yaani dau moja linalotaka zote kumi zitiki, hata kila mechi ukiipa nafasi ya asilimia 60, unaliwa mara 994 katika 1,000. Waliokaa kwenye kiti cha mteja wanalijua hilo kwa machungu yao. Usiku wanaweka dau.

Ukimsomea jumla ya alichopoteza, unadhani umempa sababu ya kuacha. Yeye amesikia kiasi anachotakiwa kurudisha, na njia ya kukirudisha kwa usiku mmoja anaijua moja tu. Kufukuzia hela iliyoliwa ndiyo ugonjwa wenyewe, nawe umeuchochea. Halafu kuna mkeka uliochanwa na timu moja. Mechi tisa zimetiki, ya kumi wamesawazisha dakika ya 90. Kapoteza sawasawa na aliyekosa zote, lakini mwili unamwambia amekaribia. Uchunguzi wa ubongo umeonyesha kwamba kukosa padogo huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi. Mwaka 2013, DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, uliihamishia kamari kwenye kundi moja na ulevi na dawa za kulevya. Mlevi humpigii hesabu ya chupa ukategemea apone.

Mengine kwa haraka. Ndugu wasilipe deni lote kimyakimya, maana wanamsafishia njia ya kukopa upya. Na muulize waziwazi kama amewaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Kuhusu kumkabidhi mke laini ya simu yenye pesa, msimamo wangu unayumba. Nimeona ikimpa mtu miezi ya kupumua. Nimeona pia mke akigeuka askari na mume akinunua laini ya siri. Nawafundisha kama hatua ya muda tu, na kila nikifundisha nasita.

Tukarudia zoezi. Nikamwambia mnasihi aweke simu pembeni aulize: mara ya mwisho, saa moja kabla ya kuweka dau, ulikuwa wapi?

Aliyeigiza dereva ana kaka yake kijiweni, na hapo akaacha kuigiza. Akatazama viganja vyake. "Kijiweni. Tangu mchana mvua, abiria hakuna. Nina elfu tatu, na bosi anataka hesabu yake ya jioni, elfu kumi."

Mnasihi mkono ulishaanza kurudi kwenye simu. Akauzuia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Siku hesabu isipotimia, bosi anakwambiaje?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.