Acheni kumsingizia Mfalme John

Kila muhula nasahihisha insha zenye sentensi ileile: "Mwaka 1215 Magna Carta ilimpa kila mtu haki mbele ya sheria." Hata mawakili wazima huifungulia hoja zao mahakamani. Jamani, hapana.

Habari yenyewe ni fupi. John, mfalme wa Uingereza, alishindwa vita Ufaransa, akawakamua makabaila kwa kodi na faini mpaka wakaiteka London na kumbana Runnymede, uwanja wa nyasi kando ya mto Thames. Hati ya madai yao, ndiyo Magna Carta (Mkataba Mkuu), ikapigwa muhuri (muhuri, si saini, michoro ya mfalme akishika kalamu itupeni). Baada ya wiki kama kumi Papa Innocent III akaifuta yote, vita vikaanza.

Sasa ibara ya 39 mnayoipenda: mtu huru asikamatwe, asifungwe wala kunyang'anywa mali ila kwa hukumu halali ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi. Mtu huru! Wakulima wengi wa Uingereza wakati ule walikuwa watwana, wamefungwa kwenye ardhi ya bwana, na bwana akiwapokonya shamba hawakuwa na pa kumshtakia katika mahakama za mfalme. Ibara ya 20 inamkumbuka mtwana, ni kweli: akitozwa faini, kilimo chake kisiguswe. Huruma? Labda. Lakini asipolima yeye, bwana atakula nini? Na ibara ya 54 inasema mtu asikamatwe kwa mauaji kwa shtaka la mwanamke, isipokuwa aliyeuawa ni mumewe. Akiuawa mwanawe, pole mama.

Sentensi mnayoitafuta imo katika sheria ya Mfalme Edward III ya mwaka 1354, iliyotaja mtu "wa hadhi au hali yoyote" na kudai utaratibu wa sheria ufuatwe. Haisherehekewi na mtu, nadhani kwa sababu haina mfalme mwovu wala uwanja wenye nyasi.

Kisha akaja Edward Coke, mwanasheria na mbunge. Mfalme Charles I alikuwa amewafunga waliokataa kumkopesha fedha kwa lazima. Coke na wenzake bungeni wakamjibu kwa Ombi la Haki la 1628, wakiisoma Magna Carta kana kwamba tangu mwanzo ilimhusu kila raia. Kihistoria alipotosha. Kisheria alishinda, na hapo ndipo mimi mwenyewe nakwama, maana nikimwondoa Coke sijui nibaki na nini cha kufundisha.

Hata habeas corpus, amri ya kumleta mfungwa mahakamani ili uhalali wa kifungo chake uangaliwe, ambayo Ibara ya 25 ya Katiba ya Kenya ya 2010 hairuhusu iwekewe mipaka, haikuzaliwa Runnymede. Ilianza kama amri ya mfalme mwenyewe ya kuburuta watu mbele ya mahakama zake. Wafungwa waliigeuza silaha baadaye sana.

Mkitaka kunukuu, nukuuni toleo la 1225 la Henry III, mwana wa John, lililothibitishwa 1297. Humo ile ibara ya 39 imeunganishwa na ya 40 (haki isiuzwe, isinyimwe wala kucheleweshwa) na kuwa ya 29, na hiyo bado ni sheria Uingereza.